Tundu la Hewa Bafuni

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiamini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, isipokuwa macho, ambayo hayanitii tangu nistaafu ualimu. Je, magoti yako yanaendeleaje? Binti yetu na mumewe hawajambo?

Tangu uhamie kwao, miezi mitano sasa, naoga peke yangu, maji ya uvuguvugu, ndoo moja tu. Nilitarajia bafu likauke. Halikukauka. Kuvu nyeusi ilizidi kupanda ukutani, rangi ikabambuka darini, na taulo likanuka uvundo kabla ya siku mbili. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, nami nilikuwa nimezoea kuwa naye.

Wiki iliyopita nilimwita fundi. Aliniuliza tunaoga watu wangapi. Nilipomjibu kwamba niko peke yangu, alipanda ngazi, akachungulia juu ya dirisha, akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Aliniambia kwamba nimeliziba bafu pua, kisha nashangaa likitoka jasho. Alichomoa matambara kwenye tundu la hewa, akafunga feni ndogo ya kuvuta mvuke, akaniamuru, mimi niliyeamuru madarasa kwa miaka thelathini na minne, niache dirisha wazi nikishaoga, nipanguse kuta, na taulo nilianike nje. Nimetii. Kuta zimekauka. Lakini nyumba imepooza. Asubuhi simsikii mtu akiimba bafuni na kukosea maneno, wala sina wa kumsahihisha.

Sasa nisikilize. Matambara yale niliyaweka mimi, majira ya baridi ulipohamia kwangu, ili upepo usikupige magotini. Baadaye nikasahau. Siku ile uliyoondoka, nilikukaripia mbele ya binti yetu kwamba maji yako ya moto yananiozeshea nyumba. Ulipokuwa ukikunja nguo zako, nilikumbuka. Nilisimama mlangoni, nikijua kosa ni langu, nikanyamaza. Kwa kiburi changu nikakuacha uende.

Nilikuaibisha mbele ya mwanao, barua haitoshi. Jumamosi nitakuja huko, nikuombe radhi naye akisikia. Ukikubali, turudi pamoja. Ukikataa, nipe tu kikombe cha chai, niketi karibu nawe kidogo kabla sijaondoka.

Wasalimie wote wa nyumba hiyo.

Ni mimi dada yako, niliyekukumbuka kuliko nilivyoandika.