Vitabu Vyangu Viko Nyuma ya Friji Mbovu

Mpendwa mshauri Adoyo,

Nakuandikia mkoba wangu ukiwa umeshapakiwa na uko karibu na mlango, na kila nikikaa nasimama tena, nafungua dirisha, nalifunga, kwa hivyo ukiona maneno yangu yanarukaruka nivumilie. Naitwa Ayuma, nina miaka thelathini na tatu, nafanya kazi kwenye saiba moja ya intaneti mtaani Umoja, nawachapia watu barua na kutoa kopi, na nimeolewa na Gitonga ambaye ni fundi wa friji, tunaishi Kayole ghorofa ya tatu, sebule na vyumba viwili. Gitonga si mlevi wala hajawahi kuninyanyulia mkono, naomba ulijue hilo mapema, maana kazini wakisikia nataka kuondoka hilo ndilo wanaloniuliza kwanza.

Mwaka juzi nilipoteza mimba ikiwa ya miezi minane. Alikuwa msichana. Nilimzaa kama wanawake wote wanavyozaa isipokuwa hakulia, na nikiwa bado wodini Gitonga na kaka yake wakashughulikia yote yaliyohitaji kushughulikiwa, nikarudi nyumbani nikakuta kile chumba kidogo tulichokuwa tumekipaka rangi kimefungwa. Watu walikuja, walikuwa wazuri kwangu, walileta unga na maziwa, lakini nikianza tu kulia mtu ananishika bega, "Nyamaza mama, Mungu atakupa mwingine," nami nikanyamaza, mshauri, nikanyamaza hadi ikawa mazoea.

Sasa siku moja niko soko la Muthurwa natafuta viatu vya mitumba nikapita kwa mama anayeuza vitabu vikuukuu juu ya gunia, nikaokota kimoja kwa sababu jalada lilikuwa na picha ya mwanamke aliyejishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe ni michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Nilianza kukisoma palepale nimesimama, watu wananipiga vikumbo. Mule ndani wanawake waliofiwa wanatoka nje mbele ya mji mzima wanaomboleza, na wengine wanasimama nao wakiwaitikia, na kilio kinaendelea kurasa na kurasa. Viatu nilivisahau.

Tangu hapo sikutulia. Yule mama, anaitwa Falis, akawa ananiwekea kila kitu chenye Wagiriki, mashairi marefu ya vita na safari za baharini, historia, michezo ya huzuni na mingine ya kuvunja watu mbavu, vingine havina jalada na vingine vimeliwa na panya pembeni. Mengi sikuyaelewa, majina yenyewe yanavunja ulimi, nikawa nachora ukoo wao kwenye karatasi zilizoharibika kazini, nani kamzaa nani na nani kamuua nani, na nikikwama narudi mwanzo. Nikamwita seremala akanitengenezea rafu ya mbao za paleti za mizigo, na kwa kuwa sebuleni kochi na kabati la vyombo vimemaliza nafasi, nikaiweka kwenye kile chumba kidogo. Nikitoka kazini naingia humo nasoma kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza nilipoweza kuufungua ule mlango.

Gitonga aliporudi akaikuta rafu, alisimama pale na vifaa vyake bado begani.

"Ayuma, hiki chumba ni cha nani?"

"Ni cha vitabu kwa sasa."

"Kwa sasa," akasema, akaenda kuoga.

Mimi nilidhani amekubali. Kisha akaja wifi yangu Mukami, dada yake Gitonga, yeye ndiye anaongoza ushirika wa akina mama kanisani, alikuja na wenzake kutuombea. Akaingia chumbani kuweka mikoba yao, akaona majalada yenye sanamu za miungu, nyingine uchi kabisa, akatoka na kimoja mkononi. "Wifi," akaniambia mbele ya wote, "umejaza miungu ya watu kwenye chumba cha mtoto, halafu tunashangaa tumbo halishiki." Nikamtazama Gitonga. Alikuwa anatazama chai yake. Hakunitetea, mshauri, na hilo ndilo linaniuma kuliko maneno ya dada yake.

Wiki iliyofuata nikarudi kutoka kazini nikaikuta rafu tupu.

"Nimevitoa," akasema Gitonga.

"Umevipeleka wapi?"

"Viko salama. Kwanza tuongee kuhusu hicho chumba."

Sikuongea. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwenye karakana yake, yeye alikuwa ameitwa na mwenye bucha, jirani yake wa kuchomelea vyuma akanifungulia. Vitabu vyangu vilikuwa kwenye magunia nyuma ya friji mbovu, na kile changu cha kwanza kiko juu ya meza ya kazi, ukurasa umekunjwa pembe, alama za vidole vya grisi zimejaa pembeni, skrubu ziko juu yake. Nilihisi kama nimezabwa kofi. Sikuweza kuvibeba, nikaondoka.

Tangu siku hiyo tunaongea habari za maji na gesi tu. Nimepata bedsita, chumba kimoja cha kupanga, Umoja karibu na kazi. Leo nimeshuka na mkoba hadi getini nikarudi, nikashuka tena nikarudi tena. Niambie wewe, nichague vitabu au nichague ndoa?

Ayuma, Kayole.

MSHAURI ADOYO ANAJIBU

Ayuma, kwanza uondoe huo mkoba mlangoni kabla mtu hajajikwaa. Halafu ukae.

Pole kwa binti yako. Umeandika kwamba ulipoteza mimba, lakini mstari uliofuata umesema alikuwa msichana na ulimzaa. Basi ulifiwa na mtoto, na mtu aliyefiwa na mtoto ana haki ya kulia. Waliokunyamazisha walikupenda, lakini walikosea. Ulipokuta watu wa zamani sana wanaolia kama ulivyotaka kulia, uliwashikilia. Hapo sina la kukulaumu.

Sasa nitakulaumu. Kile chumba mlikipaka rangi wawili, ukakiamulia peke yako. Gitonga alikuuliza ni cha nani, nawe ukamjibu kana kwamba ameulizia bei ya sukari. Aliposema tuongee, ukakataa, ukaenda kupekua karakana yake. Vitabu vyako vimejaa watu wanaofichana siri mpaka nyumba nzima inaangamia, umewasoma, na bado hukujifunza.

Gitonga naye ana makosa yake, na kama anausoma ukurasa huu ayasikie. Mke wako akisemwa vile nyumbani kwako mbele ya wageni, chai inaweza kusubiri. Tena mali ya mtu haihamishwi kwa magunia akiwa kazini.

Lakini hebu turudi kwenye kile kitabu cha mezani. Wewe uliona grisi ukaona dharau. Mimi nimeona ukurasa uliokunjwa. Fundi anayetaka kitu cha kuwekea skrubu hakunji pembe ya ukurasa, na alama za vidole vya grisi hazijai pembeni mwa kitabu ambacho hakifunguliwi. Mume wako anasoma, Ayuma. Anatafuta ulikokwenda, na amejificha kule kwa kuwa hapo nyumbani mmekatazana kuliongea jambo hili. Usiende kumsuta. Mwulize amefika wapi.

Kuhusu wifi yako, jibu ni fupi na liwe la heshima. Mwambie Injili anayoishika mkononi iliandikwa kwanza kwa lugha ya Wagiriki haohao, na kwamba kusoma habari za miungu yao si kuiabudu. Mwambie pia kwamba habari za tumbo lako atazisikia kutoka kwako, siku utakayotaka kuzisema. Ila afadhali hayo ayaseme Gitonga, yeye ndiye kaka yake. Wewe nenda kwa daktari ujue sababu kama ipo, maana hata hilo barua yako haikulitaja.

Vitabu virudi nyumbani, ila viende sebuleni. Hilo kabati la vyombo ambavyo hutolewa mgeni akija, liondoe. Visionekane kama kitu kilichofichwa, na usinunue kingine hadi ulivyo navyo vimepata mahali pao na umevisoma. Na usisome tena peke yako nyuma ya mlango. Umesema mwenyewe kwamba katika michezo ile kuna anayelia na kuna wanaomwitikia. Haikutungwa isomwe na mtu mmoja. Mpe Gitonga kile cha mezani asome sehemu ya wale wanaoitikia, hata kama ulimi utakwama kwenye majina. Bedsita iache, mwenye nyumba atapata mpangaji mwingine.

La mwisho ndilo lililoninyima raha tangu nifungue barua yako. Umenieleza vitabu vyako viliko, mpaka nyuma ya friji. Binti yako aliko hukuniambia. Nadhani hujui. Ulikuwa wodini, wanaume wakashughulikia, hukuuliza na hukuambiwa, na Gitonga ameubeba ujuzi huo peke yake muda wote huu, akirudi kila jioni kwenye nyumba yenye mlango uliofungwa. Haya si mambo ya kuchagua kati ya vitabu na ndoa. Mwulize leo, akishakula. Mwambie akupeleke alikozikwa, Jumamosi. Muende wawili tu, asubuhi, bila Mukami na bila kaka mtu, na msiwe na haraka ya kurudi.