Gurudumu la Sindano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Anayekuandikia ndiye mwanamume anayeheshimiwa na panya kuliko wote duniani. Nikiingia maabara wanasimama kwa miguu miwili, na wangekuwa na kofia wangezivua. Mimi mzima. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na baba ameacha kubishana na redio.

Uliniuliza kazi yangu nikakujibu kwa mkato, maana nilijua utacheka. Tunachunguza kwa nini kiumbe anakataa kula. Panya anawekewa gurudumu la kukimbilia, na chakula anapewa kwa muda mfupi. Wengine wanakila haraka. Wengine, mama, wanakiacha palepale wanakimbia tu, mpaka mbavu zinahesabika. Mkuu wetu anasema si kiburi, ni jambo la ubongo. Nami niliyeiacha shule kabla haijaniacha ndiye ninayewapima. Panya akikonda mno namwondolea gurudumu, na akikosa pa kukimbilia anarudi kula. Bingwa ni mimi.

Sasa habari za mdogo wangu, uliyemleta kwangu anenepe. Nilimwita Sindano, akacheka, basi nikaendelea. Kila jioni alisema ameshakula kazini kwake. Asubuhi alikimbia mpaka uwanjani na kurudi, majirani wakinisifu kwa kuwa na dada mwanariadha, nami nimesimama mlangoni kifua mbele. Halafu siku moja aliinama kufunga kamba za viatu, nikauona uti wa mgongo wake kupitia fulana. Mgongo ule naujua. Ndio ninaoushika kila siku kazini.

Nilimweleza mkuu. Akaniambia nimpeleke hospitali siku hiyohiyo, nikaitikia vizuri tu.

Tuko hospitali, mama. Anapumua, ana mrija puani. Nesi anasema niongee naye, anasikia. Sijalia, nimekaa tu naangalia shuka. Njoo upesi.

Msalimie baba, na majirani wote.

Watakwambia alianguka barabarani. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo, na si kweli. Sikumleta siku ile. Nilivificha viatu vyake, nikamwachia sahani mezani, nikafunga mlango kwa nje, nikaenda kupima panya. Niliporudi nilimkuta sakafuni, nyayo zimechubuka kwa kuizunguka meza. Sahani ilikuwa bado imefunikwa.

Ni mimi mwanao,
niliyemfungia.