Njia Mbili Ndani ya Bomba Moja

Mwalimu wangu Wafula,

Nakuandikia saa ya chakula cha mchana. Mlango nimeufunga, na githeri yangu imepoa kando ya kibodi. Najua ulichukia watu kula karibu na mitambo, lakini siku hizi sina mahali pengine pa kulia.

Tangu tukusindikize Bungoma, mambo ya hapa Nyeri yamebadilika kuliko nilivyodhani. Ile pikapu yetu wamepewa watu wa mauzo. Ngazi ziko stoo. Mimi wameniweka kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya ofisi, nikapewa kiti cha magurudumu na skrini mbili. Unakumbuka kebo ya faiba ikikatwa tulivyokuwa tunahangaika? Karatina, Sagana, Murang'a, kila mji tunafungua kabati, wewe unasoma namba kwa tochi, mimi nachomoa waya wa manjano hapa na kuupachika pale. Mawasiliano yakirudi, siku imekwisha na tope limetufika magotini. Sasa kila kabati lina kisanduku kinachogeuza njia ya mwanga chenyewe. Kebo ikikatwa, mfumo unatafuta njia nyingine na kuhamisha kila kitu kabla sijameza mate. Kazi yetu yote imekuwa orodha moja fupi: kutoka hapa, mpaka pale, kwa njia hii. Engineer Muthoni, ambaye ndiye mkubwa wangu sasa, anasema hata mtoto wa shule anaweza kuisoma.

Ni kitu kizuri, Mwalimu, sitakuficha. Wewe ungekinunia wiki moja, halafu ungejifanya ulikipenda tangu mwanzo.

Ila mfumo haujawahi kukanyaga barabara ya Kiriaini. Unajua kile tunachouambia tu, na wa kuuambia ni mimi, kwa sababu njia za kweli zimo kwenye kile kitabu chako kikubwa cha jalada gumu, na mwandiko wako hakuna mwingine anayeuweza. "Pita kwa mama wa ndizi, hesabu nguzo nne, ingia kushoto." Mimi ndiye ninayejua kwamba mama wa ndizi alihama, na alihamia wapi. Nimeomba kurudishwa nje, nikaambiwa nimalize kwanza kuingiza kitabu kwenye mfumo. Nimeomba likizo, jibu likawa lile lile. Naingia humu asubuhi, natoka jioni, na mvua ikinyesha naambiwa na wengine.

Sasa nimefika ukurasa wa daraja. Unaujua. Umeandika maneno matatu tu: "Kule kwa kitambaa."

Mfumo hautaki kitambaa. Unauliza swali moja. Njia ya kutoka Nyeri hadi Murang'a kupitia Karatina na Sagana, na ile ya kupitia Othaya na Kiriaini, je, zinakutana mahali popote? Ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kueleza. Nimelitazama swali hilo siku nane.

Nakumbuka masika yale mlima ulipoporomoka upande wa Kiriaini, ukabeba mtaro wetu na kebo yake. Wakubwa walitaka njia irudi siku hiyo hiyo. Tukavuta kebo mpya kuzunguka maporomoko, tukateremka nayo mpaka darajani, karibu na kuingia Murang'a, na pale hapakuwa na mahali pa kuipitisha isipokuwa bomba ambalo tayari lilibeba kebo ya Sagana. Nilikuuliza kama inafaa. Ulinijibu, "Ni ya wiki moja tu, mama. Hii udongo ikikauka, tunachimbia hii kebo mtaro yake." Ukachana kipande cha aproni ya bluu ya mkeo, Mama Nekesa, ile uliyokuwa ukiifanya tambara la mikono, ukakifunga kwenye kebo mdomoni mwa bomba ili tusisahau. Halafu ikaja fomu ya kuuliza kama kebo imerudi kwenye mtaro wake. Ukaweka sahihi. Mimi nikaweka yangu chini yako, na siwezi kusema nililazimishwa.

Wiki moja ikawa miaka mitatu. Kila tulipopita darajani ulipunguza mwendo ukauliza, "Kitambaa iko?" Nami nachungulia dirishani, najibu, "Iko." Tunacheka, tunaendelea na safari. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Lakini wakati ule angalau uongo wetu ulikuwa na mlinzi. Wale vijana wa maji walipokuja kuchimba pale, ulikaa juu ya jiwe kutwa nzima na chupa yako ya chai, ukawaambia, "Mkitaka kuchimba hapa, mnichimbe mimi kwanza." Sasa jiwe halina mtu. Wiki ijayo tingatinga linaanza kupanua barabara pale darajani. Likizamisha meno mara moja, kebo zote mbili zimekwenda, na mfumo utatafuta njia ya pili tuliyoiahidi kwenye fomu na hautaiona. Ile hospitali ya misheni upande wa Murang'a hutuma picha za wagonjwa huku Nyeri, daktari anazisoma wakati mgonjwa bado amelala mezani kule. Wameambiwa wana njia mbili. Wanalala usingizi kwa sababu ya sahihi zetu.

Basi sema ndiyo, utaniambia. Nikisema ndiyo, swali linalofuata ni nani aliweka sahihi kwamba kebo imerudi kwenye mtaro wake. Na kuna jambo hujui. Wameamua chumba cha mafunzo kiitwe jina lako. Kibao kimeshapakwa rangi, nimekiona stoo kimegeuzwa ukutani: "Chumba cha Fundi Wafula". Juzi Mama Nekesa alinipigia simu. "Wangari, siku ya kufungua hiyo chumba mniambie mapema. Watoto wanataka kushonewa nguo." Nilimwambia nitamwambia.

Nimekukasirikia, Mwalimu. Nalisema wazi kwa kuwa huwezi kunijibu. Uliugua presha, ukaondoka, ukaniachia kitabu na daraja. Kila njia ninayoitazama ina wewe mwishoni.

Engineer Muthoni amegonga mlango sasa hivi. "Wangari, hiyo swali ni ya yes ama no. Ati bado unaandika insha?" Nimemwambia namalizia. Naacha hapa kidogo.

*

Ni kesho yake. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya wafanyakazi, na karatasi hizi nilipewa niandike kitu kingine. Nitakueleza.

Jana jioni nilitoka kazini nikaenda mpaka darajani. Niliteremka ukingoni kwa makalio, kwenye nyasi zenye maji, kama ulivyonifundisha. Kitambaa kimepauka, karibu kiwe cheupe, lakini fundo lako limeshika. Niliketi juu ya jiwe lako mpaka nikaona baridi. Kwenye nguzo za daraja wameshachora alama za rangi za mahali pa kuchimba. Moja iko hatua tatu kutoka kwenye bomba. Nilizihesabu mara mbili.

Leo asubuhi nilijibu ndiyo, zinakutana.

Nilidhani kengele italia. Haikulia. Mstari wa Murang'a uligeuka tu kutoka kijani kuwa manjano, yakatokea maandishi kwamba hospitali haina njia ya pili. Engineer Muthoni alikuja, akasoma, akasoma tena. "Hii imetoka wapi?" Nikamwambia kuhusu daraja, bomba na fomu. Akavuta kiti, akaniuliza polepole, "Na Mzee Wafula alikuwa anajua?"

Mwalimu, neno hapana lilinifika mdomoni. Duniani tulikuwa wawili tuliojua, na wewe huna mdomo. Ningesema niliipitisha kebo mwenyewe, ukiwa mgonjwa, na kibao chako kingepanda ukutani, na watoto wako wangeshonewa nguo. Niliona jinsi ingekuwa rahisi. Kisha nikaona kwamba nikisema hivyo, nitakuwa nimeweka sahihi kwenye fomu nyingine ya uongo, na safari hii peke yangu.

Nikasema, "Alijua. Na mimi nilijua."

Hakunifokea. Alichukua simu akawapigia watu wa barabara, wakakubali kutogusa pale mpaka kebo ya Kiriaini ipate mtaro wake. Alipomaliza akaniletea barua kutoka ofisi ya wafanyakazi. Nina siku mbili kujieleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua. Ndiyo hizi karatasi. Nilianza, "Kwa Meneja," nikashindwa, nikakuandikia wewe.

Kuhusu kibao, hakuna aliyesema neno. Bado kinatazama ukuta. Mama Nekesa nitampigia leo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na sijui nitaanzia wapi. Labda nitaanza na aproni yake. Na baada ya simu hiyo nitarudi kwenye chumba kile kisicho na dirisha, kwa sababu kitabu chako bado kina kurasa arobaini, na kila nikifungua moja naogopa nitakuta kitambaa kingine. Ukiwa na kingine, naomba unitokee ndotoni uniambie.

Nimekukosa sana. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo, hasira ikatangulia.

Nakuaga hapa, Mwalimu, maana wananiita. Mtaro wa kebo ya Kiriaini utachimbwa. Wakinibakiza kazini, nitaivuta kebo hiyo kwa mikono yangu. Wakinifukuza, nitapanga foleni na vibarua wa kuchimba, nishike jembe, na Engineer Muthoni atanikuta mtaroni. Siku kebo itakapoingia kwenye mtaro wake, nitakifungua kitambaa, nikifue, nikakufungie msalabani, kaburini kwako kule Bungoma.

Mpaka siku hiyo usiniulize. Kiko.

Mwanafunzi wako,
Wangari