Kimo cha Kitanda

Mama Lusungu, Ikolo nzima hakuna bibi mwepesi kama mimi. Nakuandikia nimelazwa hospitali, nyonga imevunjika.

Daktari kasema sitatembea tena. Sitatembea!

Si unajua mwanangu Amon aliapa, siku nikipanda tena mkakao atanihamishia kwake Mbeya? Basi alipofika hapa hospitali nikamwambia nimeanguka kutoka kitandani.

Mjukuu wangu Doreen, yule mwalimu wa fizikia, akanikazia macho. "Bibi, kadiri unavyopanda juu ndivyo dunia inavyokubwaga kwa nguvu. Kitanda hakina kimo hicho. Kinachoponyoka mvuto wa dunia ni roketi, kilomita kumi na moja kwa sekunde."

"Basi niitie roketi," nikamjibu. "Lakini ni kitandani, haki ya Mungu."

Nesi akanifungua khanga ya kiunoni. Matunda mawili ya kakao yakadondoka, yakabingirika mpaka miguuni pa Amon.