Kicheko cha Veit Kule Bamberg

Ijumaa, 4 Oktoba 2019

Tumefika Bamberg. Mvua. Kaka yangu Veit kaendesha gari kutoka Kassel kama mtu anayefukuzwa, Mama kashikilia mlango njia nzima. Baba hajafungua mdomo tangu minara ya kanisa kuu ilipotokeza.

Bado siamini kama tuko hapa. Ndio mji aliozaliwa Baba, na maisha yangu yote ukitajwa tu anawasha televisheni. Bia hagusi — yeye aliyejifunza kazi ya kupika bia hapa hapa! Halafu siku ya kutimiza miaka themanini, Mama yuko katikati ya kukata keki, anatamka tu: nipelekeni Bamberg, wote, tuzunguke mji, tuonje bia. Mama akasimama na kisu mkononi. Veit alishangilia. "Mzee kaamka!"

Mimi sikushangilia. Nilikuwa namtazama Mama.

Chumba changu cha hoteli kiko juu ya mto. Maji yanapita chini ya dirisha yakinong'ona kama watu waliofungiwa chumba cha pili. Nimefunga dirisha. Bado nawasikia.


Jumamosi, 5 Oktoba, baada ya chai

Baba hakulala. Mama kaniambia kwenye ngazi, haraka haraka, kama anayeiba. Kakaa kitandani na koti lake, anautazama ukuta. Nikamwuliza kama anaumwa. "Haumwi. Anasikiliza."

Anasikiliza nini? Mama keshashuka.


Jumamosi, 5 Oktoba, jioni

Niandike sasa, kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikusikia vizuri.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Kweli ilikuwa nzuri! Mvua imekatika, jua dogo. Tukapanda hadi kanisa kuu. Veit alipiga picha sanamu ya mpanda farasi iliyo ndani, akasema farasi amechoka kumbeba. Tukasimama kwenye kaburi la mfalme Heinrich na malkia wake Kunigunda, yule ambaye wanasema alikanyaga vyuma vya moto kuonyesha kwamba hakumsaliti mumewe. Jina langu ni lake, hivyo nimeambiwa tangu utoto. Gunda kwa kifupi. Nikamtania Mama: mngenipa hata jina lisilo na moto! Mama hakucheka. Alikuwa akiitazama miguu ya malkia.

Kisha bia. Kilabu cha kwanza, bia nyepesi, Baba kaagiza maji. Cha pili vivyo hivyo. Veit akaanza kulalamika — Mzee, tumekuja kuonja au kuoga? Baba akasema, bado. Akatuongoza mwenyewe. Hakuuliza njia hata mara moja, anakata vichochoro, na sisi nyuma yake, hadi kilabu kimoja cha zamani chenye dari nyeusi kwa moshi. "Hapa."

Meza tupu zilikuwepo. Baba akaenda kuketi kwenye meza ndefu ya pembeni ambapo tayari palikuwa na mtu. Ajuza mmoja, miwani myeusi, fimbo nyeupe imeegemea benchi, glasi mbele yake. Baba hakumsalimu. Alikaa mwisho wa benchi. Na Mama — nilimwona — alipomwangalia yule ajuza rangi ilimtoka. Akakaa taratibu sana, akamshika Baba goti.

Nilidhani Mama kachoka. Mjinga mimi.

Mhudumu akaleta bia ya moshi, ile nyeusi, kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni. Veit akavuta funda kubwa akakunja uso. "Mama yangu! Kama nimelamba bomba la jiko!" Mhudumu akamwambia avumilie, glasi ya tatu ndiyo huanza kuwa tamu. Na hapo Baba akainyanyua glasi yake, akanywa nusu bila kupumua. Baba! Veit akacheka. Kicheko chake kile — kinaanzia chini kama kikohozi, kinapanda, kinamalizia kwa mluzi. Sijawahi kukisikia kwa mtu mwingine.

Ajuza akaweka glasi chini.

"Nani amecheka?"

"Mimi, bibi," Veit akasema. "Samahani kama nimekushtua."

"Cheka tena."

"Ah, bibi, sicheki bila kuchekeshwa."

"Una umri gani?"

"Hamsini na tano."

Midomo ya ajuza ilikuwa ikihesabu. Akasema kaka yake alicheka hivyo hivyo. Lorenz. Mto ulimchukua usiku wa sherehe za mtaa wa wavuvi, wakati wa kiangazi, mwaka sitini na tatu. Walikuwa wawili kwenye mashua, yeye na mdogo wake, wamekunywa. Akarudi mmoja.

Lorenz. Picha moja nyumbani, kwenye droo ya Baba. Amu Lorenz, tuliambiwa, alikufa kwa homa ya mapafu.

"Na aliyerudi," ajuza akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari ya hali ya hewa, "alimwoa mchumba wa marehemu kabla sisi hatujavua nguo nyeusi. Nilimwuliza swali moja tu. Hakunijibu. Wakahama. Sijasikia sauti yake mpaka leo."

Baba alikuwa pale pale! Mkono wake ungefika kwenye glasi ya ajuza. Alifumba mdomo kama mtu aliye chini ya maji.

Nikamwuliza bibi jina lake, sijui kwa nini, ili tu mtu aseme kitu.

"Kuni. Kunigunda. Kama malkia."

Baba akainuka. Aliinuka polepole mno, benchi lisilie, akatoka. Ajuza akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Nani ametoka?"

"Baba yangu," Veit akasema.

"Baba yako." Akalirudia taratibu, kama anavyoonja mtu chakula asichokiamini. "Baba yako."

Tulimkuta darajani, pale jengo la zamani la baraza linaposimama katikati ya mto. Maji ya kahawia, yanakwenda mbio kwa ajili ya mvua. Akasema mwenyewe, akiyaambia maji:

"Sikumsukuma."

Mama akasema, Alfons, twende. Hakusikia.

"Nilimshika koti. Koti likabaki mkononi. Yeye akaenda."

Veit kasimama kando, mikono mfukoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Au ni mimi nilikuwa namwona upya. Lile paji. Zile nyusi. Picha ya kwenye droo.

"Mzee. Mimi mtoto wa nani?"

"Nimekuogesha. Nimekufundisha baiskeli."

"Sijauliza hilo."

Baba akamtazama Mama. Mama akasema, kwa sauti kubwa, mbele ya watalii wote wale: "Wa Lorenz."

Na papo hapo — Mungu wangu — kijana mmoja na mkewe wakampa Veit simu yao, wakaomba awapige picha na jengo nyuma. Akaipokea. Akawaambia wasogee kidogo kushoto. Akawapiga picha mbili, akawarudishia, akawatakia safari njema. Kisha akageuka akaondoka.


Jumapili, 6 Oktoba

Nimeota kuna mtu anatembea kwenye ukumbi wa hoteli akiwa amelowa. Nimeamka, nikafungua mlango. Zulia kavu. Nikaona haya.

Veit alikuja mezani wakati tunamaliza chai. Hajanyoa. Akapaka siagi mkate wa Baba, kama afanyavyo siku zote kwa sababu vidole vya Baba vinatetemeka, akauweka mbele yake.

"Swali lenyewe lilikuwa lipi?" akauliza. "La shangazi."

Baba: "Kama nilimwacha makusudi."

"Kwa nini hukumjibu?"

Baba akamega mkate. Akasema kwanza alikasirika. Kisha akaogopa, maana kila alipourudia usiku ule kichwani aliona mkono wake ukiwa umefumbwa, na usiku mwingine aliuona umefumbuka. Mpaka leo hajui ni upi ulio wa kweli. Mama alikuwa analia bila sauti, chozi moja moja kwenye kikombe.

"Basi kamwambie hivyo hivyo," Veit akasema. "Tunakwenda."


Baadaye

Naandika magotini, ndani ya gari. Mtaa wa wavuvi, nyumba ndogo za mbao zilizoinamia mto. Ndiyo nyumba waliyozaliwa wote watatu, Baba, Lorenz na Kuni. Baba amesimama mlangoni. Mkono uko kwenye kengele na haubonyezi. Watu wanatoka misani wanampita, mmoja kamvulia kofia.

Veit anataka kushuka. Nimemzuia. Sijui kama nimefanya vizuri.

Amebonyeza!

Dirisha la juu limefunguliwa. Ni yeye, bila miwani. Anaelekeza sikio barabarani. "Nani huko?"

Baba amefungua mdomo. Anapumua tu, nasikia mpaka huku.

"Nani?"

Mama ameshuka. Sikuona alivyofungua mlango. Amevuka barabara, fimbo yake ameiacha kitini, amesimama kando ya Baba, kainua uso.

"Ni sisi, Kuni. Irmgard. Tufungulie."

Maji tu nyuma ya nyumba. Veit ameshika usukani kwa mikono miwili japo injini imezimwa.

Ajuza hajafunga dirisha. Hajaondoka. Sasa anauliza, si kwa hasira, anauliza kama mwenye nyumba anayetaka kujua apange vikombe vingapi:

"Mko wangapi?"

Mama amegeuka, anatutazama garini. Anatuhesabu. Amefika kwa Veit, ameanza tena mwanzo —