Sauti Iliyovujia Kwenye Dramu

Jumamosi, 9 Machi

Ziara imeanza. Miji sita, wiki tatu, basi moja, na kiti changu ndicho pekee kisicholala nyuma. Tuliposimama kuongeza mafuta prodyuza akatangaza: kila onyesho litarekodiwa, kila chombo kwenye traki yake, njia yake ya peke yake, na tukirudi litachaguliwa moja liwe albamu ya laivu. Watu wakapiga miluzi. Shemeji akapanda juu ya kiti akawapungia mkono, utadhani ameapishwa.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ndiye mwimbaji wetu. Nilimwingiza kwenye bendi mwenyewe, miaka kumi na mbili iliyopita, kwa sababu dada yake aliniomba na mimi nilikuwa bado natafuta kumpendeza. Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mimi napiga dramu. Tumetoa albamu tatu za roki na katika zote tatu sipo! Ya kwanza walitumia mashine. Ya pili mashine. Ya tatu wakamkodi mtu wa studio, eti ana mkono msafi. Jina langu limeandikwa kwenye kasha, picha yangu ipo, nimekunja mikono kifuani kama mlinzi wa benki. Dramu si zangu. Lakini laivu ni laivu — safari hii hawana pa kunikwepea.

Jumapili, 10 Machi

Aibu. Jana wimbo wa nne niliumaliza peke yangu, wenzangu wamebakiza kiitikio kizima. Nikapiga toazi la mwisho kwa nguvu zote, halafu nashangaa wao bado wanaendelea. Shemeji akageuka, akaniangalia, akawaambia watu mzee wetu ana haraka ya kwenda kulala. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nina miaka arobaini na sita!

Niandike basi, maana hakuna mwingine ninayemwambia. Sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki nusu. Mwezi wa kwanza daktari alinieleza bila kupindapinda: achana na dramu sasa hivi, la sivyo utakuwa kiziwi kabisa. Nikamjibu nitafikiria. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshafikiria. Ziara hii tu, nirekodiwe, halafu naweka vijiti chini. Mke wangu anajua nilikwenda kupima presha.

Sitaki makubwa. Nataka albamu moja ambayo anayepiga ni mimi, binti yangu aiweke siku moja aseme huyo baba.

Asubuhi hii nikamfuata Fundi, mtu wetu wa mitambo ya sauti. Yeye na mimi tumetoka mbali. Nikamwambia kila kitu. Alikuwa anakunja waya. Akaukunja wote mpaka mwisho bila kunitazama. Nikamwomba aniwekee spika karibu na kichwa, upande wa kulia, itoe sauti ya shemeji peke yake, na aifungulie mpaka basi. Nikimsikia yeye nitajua wimbo umefika wapi.

"Itavujia kwenye maiki zako," akasema. "Dramu ina maiki saba, kaka. Zinadaka kila kitu."

"Ivuje."

"Tunarekodi lakini."

"Nisipomsikia hakuna cha kurekodi."

Akaweka spika.

Jumapili, 17 Machi

Jana! Jana! Jana!

Sijui nianzie wapi. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani, bati juu, joto la tanuri. Shemeji aliamka na mafua. Mistari ya chini alikuwa anakwaruza, ya juu anakosa kabisa, na mimi nilisikia kila mkwaruzo kwa sababu nilikuwa nao sikioni. Kwenye ule wimbo wa polepole pumzi ikamkatikia katikati. Akarudi nyuma, akainama, anakohoa. Kimya kingetumaliza.

Nikaushika mimi. Mizunguko minane, peke yangu. Sikufikiria. Nilianza na ngoma ya mguu tu, kama mtu anayebisha hodi, nikaongeza kidogo, nikaongeza, mguu haupumziki, mpaka nikaona watu wa mbele wanaruka. Watu wa nyuma nao. Mzee wa Besi akaingia na gitaa lake mzunguko wa saba, amefumba macho, anacheka. Shemeji alipopata pumzi akarudi kwenye maiki na ukumbi ulikuwa unawaka.

Leo kwenye basi prodyuza amenipa hedifoni. Nikasikiliza kwa sikio la kulia. Huyo ni mimi. Hakuna mashine duniani inayoweza kufanya vile. Nikatokwa na machozi, nikasingizia vumbi, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumbani. Imeamuliwa: albamu yote itatoka kwenye onyesho la ghalani. Nimemwambia mke wangu wakati anakunja nguo. Akaacha shati hewani. "Wewe? Ni wewe kweli safari hii?" Mimi kweli. Binti akauliza kama nitakuwa maarufu. Nikamwambia sitakuwa maarufu ila nitasikika.

Jumatatu, 15 Aprili

Shemeji hataki kusikia sauti yake ya ghalani. Anasema inamdhalilisha. Ataimba upya nyimbo zote, studio, amesimama kwenye zulia, na chupa ya maji ya uvuguvugu. Albamu ya laivu! Prodyuza anasema ni jambo la kawaida, bendi nyingi hufanya hivyo, msikilizaji hajui. Mimi nikacheka. Aimbe hata mara mia. Yake ni traki moja, zangu ni saba.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwisha.

Prodyuza amepiga simu saa tano. Ilibidi nimwambie arudie mara mbili, simu ni adui yangu siku hizi. Wakifuta traki ya sauti ya zamani, shemeji bado anasikika. Yumo ndani ya dramu! Maiki zote saba. Wakiweka sauti mpya juu, ile mbovu inakoroma chini yake, wanakuwa waimbaji wawili wanaogombana. Haijawahi kumtokea, alisema. Amemuuliza Fundi, na Fundi amejibu labda ni lile bati la ghala. Amedanganya kwa ajili yangu.

Nikauliza maonyesho mengine. Yote yamevuja. Isipokuwa la kwanza — lile nililopotea.

Nikasema basi nije nipige upya. Akasema yule mtu wa studio alianza juzi, nyimbo nne zimeshaisha, nisijisumbue.

Nisijisumbue. Anasema hivyo kama mtu anayekuzuia usinyanyuke kumpisha. Spika niliiomba mimi. Fundi alinionya na mimi nikasema ivuje. Nimejifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na siwezi hata kupiga kelele, kwa sababu nikipiga kelele wataniuliza spika ile ilikuwa ya nini.

Jumapili, 21 Aprili

Shemeji amekuja kula mchana. Alikuja na keki kubwa. Nilijua tu, keki ya namna ile hailetwi na mtu asiye na hatia.

Akaanza kwa upole. "Shemeji, usininunie, ni mambo ya kiufundi haya." Nikamwambia ghalani alikuwa anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mbele za watu. Mke wangu akaweka kijiko chini. Huyu ni mdogo wake, amemlea tangu mama yao alipofariki, alimvusha barabara kwenda shule. Nilijua nimekanyaga pabaya.

"Na wewe siku hizi una nini?" mke wangu akaniuliza. "Ukisemeshwa hujibu. Ukijibu, unafoka."

"Nimechoka."

"Umechoka tangu mwaka jana?"

Hapo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Shemeji akatangulia.

"Mimi sikuomba dramu zako zitolewe," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Niliomba sauti yangu tu. Fundi anasema ni bati la ghala. Kumbi tano, shemeji, na zote zina bati?"

Nikakusanya sahani nikaenda jikoni. Nikafungua bomba. Niliosha hata sahani zilizokuwa safi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimesikia dramu mpya. Mzee wa Besi aliniletea, akakaa kwenye gari muda wote sikio langu likiwa kwenye spika ya mlango. Safi. Hajakosea hata sehemu moja, mshenzi yule. Mizunguko yangu minane imepunguzwa ikawa miwili, kwa sababu shemeji wa zuliani hakatikiwi pumzi.

Mzee wa Besi akasema pole. Mara tatu. Ya kwanza na ya pili sikumsikia.

Jumanne, 30 Aprili

Hii niiandike polepole ili kesho nikisoma niamini.

Maiki za ukumbini, zile za kurekodi watu wanavyoshangilia, nazo zina sauti ya zamani. Kwa hiyo makofi hayafai. Kwa hiyo yanatakiwa makofi mapya. Kila mwanabendi aje na familia yake Jumamosi saa nne asubuhi, studio, tupige makofi na kushangilia wimbo baada ya wimbo, halafu watayarundika yawe kama watu elfu mbili. Ujumbe unasema tuvae viatu visivyolia.

Nikacheka mpaka mke wangu akaja kutoka chumbani. Nikampa simu asome. Hakucheka. Alisema twende, maana tusipokwenda itaonekana nimesusa, na mdogo wake atajisikia vibaya.

Nikamwambia sawa. Nimeshapigiwa dramu na mashine mara mbili na yule wa studio mara mbili, sasa nikampigie na makofi.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma za studio. Daftari lilikuwa mfukoni.

Tulikuwa watu kumi na nne. Wake, watoto, mama mzazi wa Mzee wa Besi na mkongojo wake, akaambiwa asiugonge sakafuni. Prodyuza na shemeji walikuwa upande wa pili wa kioo, na kutoka huko walizungumza nasi kupitia kispika kidogo kilichofungwa kwenye pembe ya ukuta, juu. Utaratibu: wimbo unachezwa, ukiisha tunashangilia, tukiambiwa basi tunaacha, kimya, hata kukohoa marufuku. Tukafanya nyimbo mbili. Niliwaangalia wengine, walipoacha nikaacha. Hakuna aliyegundua kitu.

Wa tatu ukawa ule wa polepole. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kioo, anatikisa kichwa kwa kuipenda sauti yake. Sikuweza. Nikageuka, nikakipa kioo mgongo, nikafumba macho. Mizunguko miwili ikapita pale ilipokuwa yangu minane. Wimbo ukaisha na mimi nikapiga makofi. Nilipiga kweli! Sikumpigia yule wa studio. Nilijipigia mwenyewe, kwa ajili ya ghalani, kwa sababu hakuna mwingine atakayenipigia tena. Nikapiga mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha nikahisi mkono umenishika kifundo cha mkono. Binti yangu. Nikafumbua macho. Mikono ya watu wote ilikuwa chini. Sijui walikuwa wameacha muda gani. Wengine wakacheka, wakadhani ni mzaha, nawakejeli. Mke wangu hakucheka. Akakiangalia kile kispika cha ukutani, akaniangalia mimi, akakiangalia tena. Akaja mpaka mbele yangu akaniuliza polepole, akifungua mdomo kama anayemfundisha mtoto kusoma:

"Tangu lini?"

Nikatoka nje.

Hapa nyuma kuna karakana ya seremala, na msumeno wa umeme haujanyamaza hata dakika moja tangu nikae. Muda si mrefu uliopita shemeji amekuja. Akakaa kwenye ngazi pamoja nami, upande wa kushoto. Akaongea. Aliongea muda mrefu, anaangalia viatu vyake, kwa hiyo hata midomo sikuiona vizuri. Mara moja akafuta uso kwa mkono wa shati. Mara moja akaonyesha kule ndani, kwenye mitambo. Mwishoni akaniwekea mkono begani, anangoja.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Akanikumbatia kwa nguvu, akarudi ndani.

Labda amesema dramu zangu zinarudi, na sauti yake mbovu nayo, potelea mbali, iwe laivu kweli. Labda amesema pumzika, shemeji, yule wa studio ataingia kwenye bendi. Yote mawili mtu anaweza kuyasema na machozi. Na mimi nimekubali.

Mlango uko wazi. Ni hatua tano tu. Lakini kumuuliza amesema nini ni kumwambia kwamba sikusikia hata neno moja.