Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kinu cha Unga.
14 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi naye, mgongo umeacha kumsumbua? Na wale wadogo wawili, bado wanagombania kiti kimoja na hali baba yao ni seremala? Naomba barua hii iwakute wote wazima. Safari hii siulizi kwa mazoea. Nauliza kwa sababu naogopa jibu.

Barua zangu zote huanza kwa kusema mimi ni mzima. Zile za tangu Agosti mwaka jana zilikuwa za uongo. Hii naiandika juu ya meza ya kukatia uliyoniundia mwenyewe, na nimeshaichana mara mbili. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Chiriku wetu amelazwa. Ni kifua kikuu, tena kile sugu kisichosikia dawa za kawaida. Aliyemwambukiza ni mimi.

Mwaka jana nilikohoa wiki saba nikisingizia vumbi la vitambaa. Sketi zangu zilipoanza kunilegea kiunoni nikaenda zahanati, wakapima makohozi, wakanipa dawa za miezi sita. Muuguzi akauliza naishi na nani ili naye apimwe. Nikasema naishi peke yangu. Nilijua ukisikia utakuja kumchukua binti yako. Mimi sikuzaa, mdogo wangu, na tangu umlete huyu mtoto aje kujifunza kushona, chumba hiki kilikuwa na maneno tangu asubuhi mpaka tunafunga. Hatukumwita Chiriku bure. Sikutaka kurudi kwenye ukimya wangu wa zamani.

Baada ya miezi miwili nilipata nafuu. Nikanenepa, nikaanza tena kugombana na wateja, nikaona ni hasara mtu mzima wa afya kuendelea kumeza dawa. Unanijua. Kitambaa kikibaki nakikunja, kifungo kikidondoka nakiokota, akiba haiozi. Vidonge vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la vifungo, nikafunika.

Ulipokuja Desemba ukalala hapa siku tatu, kikohozi kilikuwa kimesharudi. Kikinijia mbele ya watu nilikanyaga cherehani kwa kasi ili mlio ukifunike. Ulifungua lile dirisha kubwa ulilonitengenezea, ukaniuliza kwa nini nimelipigilia turubai. Nikakujibu kwamba vumbi la kinu linachafua mashati meupe ya shule. Ulipoondoka nikalipigilia tena. Sasa wamenieleza kwamba vijidudu hivi huelea hewani mgonjwa anapokohoa au anapozungumza, na chumba kikiwa kimefungwa mwenzake anavivuta. Mashati yalibaki meupe kabisa.

Aprili mtoto akaanza kukohoa, na jioni mwili unachemka. Nilijua. Usije ukajidanganya kwamba sikujua. Lakini kumpeleka zahanati kulikuwa ni kujibu yule ni nani, na mbona nilisema naishi peke yangu. Nikafungua kopo, nikawa nampa vile vidonge vyangu, viwili asubuhi, vikipungua kimoja. Wiki ya tatu homa ikashuka, nami nikajiona daktari. Vikaisha, homa ikarudi na nguvu mpya.

Kuna jambo linanikera kuliko yote. Mimi fundi. Blauzi yake niliipunguza mara tatu, Aprili, Mei na Juni, nikiwa na utepe wa kupimia mkononi. Mara ya tatu akacheka akasema, "Shangazi, utaipunguza mpaka ibaki leso!" Nami nikacheka. Nilishona vizuri sana, mishono haikuonekana.

Tarehe ishirini Juni alikohoa damu juu ya shati la mteja. Ndipo nikambeba mpaka hospitali.

Niliposema habari za kopo, muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama, dawa si vitambaa, useme hiki kilichobaki kitamtosha na yule." Akanieleza kwamba kuacha dawa katikati, kisha kumpa mwingine robo yake, ni kuufundisha ugonjwa kuzishinda dawa. Nilimsikiliza nikiwa sina pa kuweka uso. Mficha maradhi kifo humuumbua: nimewaambia wateja wangapi msemo huo, huku nimeshika pini mdomoni?

Sasa wateja wamezisusa nguo zao. Wanaogopa nguo, na muuguzi amekuja mwenyewe kuwaambia ugonjwa huu haukai kwenye nguo wala kwenye kikombe. Hata karatasi hii usiiogope. Iogope ile hewa uliyoivuta hapa siku tatu.

Kwa hiyo nenda kapimwe kesho. Usingoje kukohoa. Wapeleke na wifi na watoto, na ukiulizwa ulilala wapi, sema kwangu, taja kila kitu. Wakikuandikia dawa, meza mpaka kidonge cha mwisho, hata ukijisikia una nguvu za kung'oa mti. Laleni madirisha wazi. Mwenye kukohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Mimi nameza zangu mpya kila asubuhi mbele ya muuguzi, ananikagua chini ya ulimi kama mtoto mwizi wa sukari. Turubai nimelitoa.

Daktari anasema pafu la kushoto limeharibika sana. Dawa zake ni kali na za muda mrefu, na hajui kama mwili utazistahimili. Nilimwomba anidanganye kidogo. Akakataa. Siku hizi naamka, nakaa kitandani, na sioni sababu ya kuvaa viatu.

Mtoto ameomba gauni la bluu la kurudia nyumbani. Namwona kupitia dirisha la wodi, nimevaa barakoa, na jicho la fundi halihitaji utepe, najua kiuno kimebaki kiasi gani. Jana nililikata hilo gauni. Nilikata kwa vipimo vya Januari. Kwa hivi vya sasa mkasi ulinishinda.

Nisalimie wifi, mwambie sitamlaumu akikataa salamu. Wabusu wale wadogo, na yule shemeji yako fundi bomba, aliyekuwa akinitania kuhusu turubai kila alipopita hapa, mwambie alikuwa na haki, naye akapimwe. Mungu awaepushe na yaliyoingia humu ndani, na akupe miguu ya kuja.

Maana anakuulizia. Sauti yake imekwisha, ananiandikia kwa kidole kwenye kioo: baba. Tangu wiki ya kwanza namwambia nilikuandikia siku ile ile aliyolazwa na uko njiani. Mdogo wangu, hiyo nayo ilikuwa uongo, barua ni hii. Uje umekasirika, uje hutaki kuniona, lakini njoo uufanye uongo huo uwe kweli.

Wako akupendaye, ingawa sistahili kuliandika neno hilo,

Dada yako,
yule uliyezoea kumwita Mkasi.